Kalamu za Shukrani Kule Naitiri

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya kanisa zima. Tena ukweni. Tena kwa Kiswahili, somo ninalofundisha huko Kitale mwaka wa kumi na moja sasa. Nawaandikia nikiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, natafuna chapati niliyopewa kwa huruma. Nitaeleza kwa utaratibu. Mkimaliza kusoma mnihukumu.

Kwanza mjue mambo yalivyoanza. Mwezi wa kumi mama mkwe wangu, Mama Nasimiyu (Nasimiyu ndiye mke wangu), alifanyiwa upasuaji wa tumbo Bungoma mjini. Akalala wodini wiki tatu. Hali ikawa mbaya, ikazidi kuwa mbaya, kisha asubuhi moja akafungua macho akaomba uji. Waliomwombea walikuwa wengi: kanisa lake, majirani, chama cha akina mama, hata vijana wa boda waliomkimbiza hospitali usiku alipozidiwa. Na akiwa pale kitandani akaweka nadhiri. Mungu akimrudisha nyumbani Naitiri, kila aliyemwombea atakula kwake ashibe kabla mwaka haujaisha.

Mungu akafanya upande wake. Ukabaki upande wa mama.

Siku ikapangwa kuwa leo, katikati ya Krismasi na mwaka mpya, kwa sababu ndio wakati watu wako nyumbani. Familia ikagawana kazi. Shemeji mkubwa akapewa hema na viti. Shemeji wa pili akapewa vipaza sauti. Mimi nikapigiwa simu na baba mkwe mwenyewe, Mzee Wekesa.

Sasa, Mzee Wekesa ni mtu wa Bungoma halisi. Kwake L na R ni ndugu, wanavaliana nguo. Mimi ni mtu wa Endebess, na kwa miaka sita ya ndoa nimezoea kumsahihisha kichwani, kimya kimya, kwa heshima zote. Akisema "rakini" nasikia lakini. Akisema "balabala" nasikia barabara. Ni ustadi niliojivunia sana (hadi leo saa saba mchana).

"Mwarimu," akasema. "Habali ya Kitare?"

"Nzuri, baba. Mulembe."

"Mulembe. Sasa sikiza. Mama yenu hawezi fanya kazi, daktari amekataa. Kwa hivyo wewe mtu wa Kitare, tumekupatia kalamu."

Kalamu. Hapo ndipo ningesahihisha, na hapo ndipo sikusahihisha. Nieleweni. Mwalimu akipewa kazi ukweni, hupewa kalamu. Kwenye mazishi naandika michango. Kwenye harusi naandika zawadi. Mkutano wowote wa familia ile, hata wa kujadili mbuzi aliyepotea, mimi ni katibu. Kwa hiyo neno lilipoingia sikioni lilikuta kiti chake tayari, likakaa. Hata nikaudhika kidogo. Mtu mzima, nina mshahara, nina gari (la mtumba, lakini linatembea), napewa kalamu?

"Ni hiyo tu, baba?"

"Hiyo tu!" Mzee akashangaa. "Mwarimu, si hiyo ndio kazi kubwa? Watu wanakuja juu ya hiyo."

Nikafurahi kusikia wazee wa Naitiri wamependa elimu hivyo.

"Sawa, baba. Iwe ya aina gani?"

"Iwe ile nyekundu, kwa wingi. Watu wa huku wanapenda nyekundu. Rakini weka na nyeupe kidogo, kuna wale daktari amewakataza nyekundu."

Nikadhani ni mambo ya macho. Wino mwekundu unaumiza macho, si ndiyo?

"Na iwe raini. Wazee ni wengi, ile ngumu inawasumbua."

Nikaandika: wino laini.

"Na iwe ya kutosha, mwarimu. Mtu akimariza, akitaka kubeba ingine aende nayo nyumbani, abebe. Usituaibishe."

"Baba, hamtaaibika," nikasema.

Mtaniuliza kwa nini sikuuliza chakula kimepewa nani. Nitawajibu. Mkwe haulizi chakula. Ukianza kuulizia chakula cha ukweni kabla hata hujafika, utapewa jina, na jina hilo wataliweka kwenye wasifu wako siku ya kukuzika. Nikanyamaza na adabu zangu.

Basi nikaamua: nimepewa kazi ndogo, nitaifanya kwa ukubwa. Nikaenda kwa jamaa mmoja wa kuchapisha pale Kitale mjini. Akanitengenezea kalamu mia moja na ishirini. Themanini nyekundu za wino mwekundu, arobaini nyeupe za wino wa buluu. Zote laini. Kila moja ina maandishi ya rangi ya dhahabu ubavuni: SHUKRANI KWA MUNGU, MAMA NASIMIYU. Nilizijaribu kumi, moja moja, kwenye karatasi ya mtihani. Zilikuwa zinateleza kwa raha mpaka nikaandika jina langu mara nane.

Mke wangu alikuwa ametangulia Naitiri siku tatu kumsaidia mama. Jana akapiga simu.

"Baba Neema, ile kitu ya baba umefanya?"

"Nimefanya mpaka nikazidisha."

"Ya watu wangapi?"

"Mia na ishirini."

"Wacha! Na umepea nani hiyo kazi?"

"Kuna jamaa hapa mjini. Ameweka hadi jina la mama."

"Jina la mama? Kama ile ya keki?"

"Wewe ngoja uone."

"Ati jina la mama!" Sauti yake ikalegea. "Mungu akubariki, Baba Neema. Mimi nilikuwa nimeanza kuogopa."

Nililala vizuri sana jana. Nataka mjue hivyo.

Leo asubuhi nikavaa suti. Boksi nikaliweka kiti cha mbele na kulifunga mkanda. Nilipoingia lango la Mzee Wekesa, vigelegele! Wamama kama wanane, leso viunoni, wakaja mbio na mabeseni na trei. Nikadhani ndiyo mapokezi yangu. Nikatoa mkono kusalimia, wakanipita wote wakaenda kufungua buti. Ndani ya buti mlikuwa na jeki na chupa ya maji.

"Shemeji, iko wapi?" akauliza Nafula, mdogo wa mke wangu.

"Iko hapa mbele," nikasema, nikiligonga boksi kidogo.

Akacheka hadi akashika goti. "Shemeji bana, wewe na mizaha! Si useme tu, gari ya nyuma inafika saa ngapi?"

Gari la nyuma? Nikajua anamuulizia dada yangu, aliyekuwa anakuja kutoka Endebess na gari lake. "Ikichelewa sana, saa saba."

"Saa saba iko sawa. Ibada itakuwa imeisha." Akawageukia wenzake. "Saa saba!" Wakarudi na mabeseni yao, wameridhika.

Jikoni hakukuwa na moshi. Niliona. Sitaki kusema uongo, niliona kabisa. Nikajiambia hawa wamejipanga, wamepika alfajiri. Mama mkwe wangu amefunza watoto wake kazi.

Ibada ikaanza. Mama alikuwa amekaa mbele kwenye kiti cha mikono, kitambaa kipya kichwani, shingo imekonda. Alipoinuka kutoa ushuhuda alisaidiwa na watu wawili. Akasema, "Mimi nilikuwa nimeanza kuwaaga. Nyinyi mkakataa. Mkapiga magoti, na mvua ilikuwa inanyesha. Mungu akaniuliza unataka nini, nikamwambia nirudi nilishe hawa watu. Leo mtakula kwangu." Hapo machozi yalinitoka, na sioni aibu kusema. Ni mama ambaye kwa mila zao hatushikani mikono wala hatutazamani usoni, mimi na yeye, lakini nilimpenda kwa maneno yale.

Kisha mchungaji akashika kipaza sauti. Mchungaji naye ni wa huko huko.

"Tumshukuru Mungu kwa mkwe wetu wa Kitare!" akanguruma. "Ametuandaria kalamu!"

Watu wakalipuka. Vigelegele, makofi, mzee mmoja akarusha kofia ikanasa kwenye hema. Kijana wa boda akapiga honi nje. Mimi nikainuka, nikafunga kifungo cha koti, nikapunga mkono. Nikawaza: hata shuleni kwetu kalamu hazijawahi kupigiwa makofi hivi.

Saa saba gari la dada yangu likaingia. Wamama wakalikimbilia na mabeseni. Akashuka dada yangu na watoto wake wawili na kreti moja ya soda.

"Ni hii tu?" Nafula akauliza.

"Ni hii tu," dada yangu akajibu. "Kwani mlitaka ngapi?"

Nikaona wananong'ona. Lakini mchungaji alikuwa ameshamaliza kubariki, na wasichana walikuwa wanapita kwenye mistari na maji ya kunawa. Nikanawa nami. (Nilijiuliza kwa nini watu wananawa mikono kabla ya kupokea kalamu. Nikasema ni usafi.)

"Mwarimu aje mbele," mchungaji akasema, "atukaribishe kwa kalamu."

Nikaenda. Nikabeba boksi langu. Nilikuwa nimeandaa hotuba, na niliitoa yote.

"Ndugu zangu, nilicholeta ni kidogo, lakini kimetoka moyoni. Vingine huisha leo leo. Hiki mtakitumia mwaka mzima!"

"Mwaka mzima!" mzee wa kofia akasema. "Amina!"

Nikafungua boksi, nikaanza na mstari wa mbele, wa wazee. Kukhu, yaani nyanya wa mke wangu, nikampa nyeupe kwa heshima ya macho yake. Akaigeuza. Akainusa. Akaitia pembeni mwa mdomo, akaibana kwa ufizi, akanirudishia.

"Mimi meno iliisha," akasema. "Nipatie ile raini."

"Hiyo ndiyo laini, kukhu."

Akaionja tena.

Nikaendelea kugawa. Nilifika mstari wa mwisho ndipo nikasikia kimya. Si kimya cha kanisani, kile cha watoto kukohoa. Kimya chenyewe. Watu mia na zaidi, mikono bado inadondosha maji, kila mmoja ameshika kalamu. Mchungaji akaisoma yake kwa kipaza sauti: "Shukrani kwa Mungu, Mama Nasimiyu." Akageuza upande wa pili. Upande wa pili hapakuwa na kitu.

Mke wangu akaja akasimama mbele yangu. Akaongea polepole, kama ninavyoongea mimi na darasa la nne.

"Baba Neema. Karamu iko wapi?"

"Si hizi hapa."

"Ka-ra-mu."

"Ka-la—"

Nikaisikia. Mbele ya watu wote wale, nikaisikia. Kalamu na karamu, muhula wa kwanza, ubao mzima, mfano wa kwanza kabisa ninaowapa watoto! Nimewachapia watu mtihani wa maneno hayo mawili!

Mzee Wekesa akafika, fimbo mkononi. "Mwarimu! Mimi si nilikuambia kalamu?"

"Ndiyo, baba. Nimeleta kalamu."

"Hii si kalamu!" Akaiinua ile nyekundu juu watu wote waione. "Hii ni karamu! Hii ni ya kuandika! Mimi nilisema kalamu, kalamu ya kukura!"

Nilikuwa nimemsahihisha mzee huyu maneno elfu kwa miaka sita, nikabakisha moja.

Sasa watu walianza kucheka, na mimi nilitaka kucheka nao ili niwe mmoja wao. Kisha nikamwona mama mkwe. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama meza ndefu zilizotandikwa vitambaa vyeupe, sahani zimepangwa, hakuna kitu juu yake. Mwanamke aliyemwahidi Mungu. Mlangoni mwa hema watu wa mwisho walikuwa wameanza kuinuka na kukung'uta nguo, wale ambao hawakula asubuhi ili walete njaa safi. Wakitoka hivyo, nadhiri yake inatoka nao, na aliyeivunja ni mimi na boksi langu. Hapo mzaha uliniishia kabisa. Nilitamani kuomba ardhi ipasuke, lakini nikaona nimeshaomba vya kutosha leo.

Mama akanyoosha mkono. Akapewa kipaza sauti.

"Mtu asitoke," akasema. Sauti ndogo, lakini wote walikaa. "Mimi nilimwambia Mungu nitawalisha. Sikumwambia saa."

Hema zima likacheka upya, cheko tofauti.

"Kuku wangu wako pale. Unga uko kwa stoo. Mwenye mkono mzuri aingie jikoni."

Hapo mambo yakaenda mbio. Wamama wakatupa mabeseni wakawasha moto. Senge, dada yake Mzee Wekesa, akasema kwake kuna chapati za Krismasi zimejaa ndoo nzima. Mwingine akakumbuka nusu sufuria ya wali. Mwingine, nyama ya mbuzi. Vijana wa boda wakatawanyika kwenda kuvikusanya. Mimi nikaambiwa nishike jogoo. Nilimkimbiza na suti yangu kuzunguka ghala la mahindi mara tatu, nikaanguka mara mbili, na yule jogoo yuko hai hadi saa hii. (Mnaoniuliza kama kuna video: ipo. Nafula anayo. Naomba asiiweke.)

Likazuka swali zito. Je, chapati za jirani zinahesabika kwenye nadhiri ya mama? Wazee wakaligawanyikia. Mchungaji akakuna kichwa, akatazama juu, akasema zikipakuliwa kwa mkono wa mama mwenyewe, zinahesabika. Daktari alikataza sufuria, hakukataza upawa.

Na kwa vile ilikuwa saa mbili za kungoja, na kila mtu ana kalamu mkononi, mchungaji akasema tuandike shukrani zetu za mwaka. Daftari la wajukuu likachanwa karatasi. Mimi nikakaa chini karibu na kukhu nikimwandikia zake: macho, miguu, ng'ombe aliyezaa salama, na binti yake kurudi. Alipofika hapo akanishika goti, nikangoja mpaka akaweza kuendelea.

Kisha mchungaji akazisoma kwa sauti. "Mungu asante kwa karamu, sasa tunangoja kalamu." "Asante kwa mvua na mahindi." "Asante kwa mama yetu, na kwa mwarimu ambaye ametupatia kazi ya shure siku ya rikizo." Karatasi mia hivi, na makosa ya tahajia kila mstari. Nilikuwa na kalamu ya wino mwekundu mkononi na sikusahihisha herufi hata moja.

Saa kumi watu wakala. Mama alikaa kwenye kiti chake mezani, upawa mkononi, akampakulia kila mtu kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, akimtaja jina. Ilimchukua muda. Mwishoni wakataka kumpokea upawa, akakataa. Hakuna aliyeondoka bila kula, na waliotaka kubeba walibeba.

Mimi kwa mila sikuweza kupanga mstari kwake. Sahani yangu ililetwa na Nafula. Chini ya chapati palikuwa na kikaratasi, mwandiko wa wino mwekundu, wa mtu ambaye hajashika kalamu siku nyingi: "Mungu, nashukuru kwa huyu mkwe. Ukipata nafasi mwangalie masikio."

Nilikisoma mara mbili. Kisha nikalia kidogo, nikasingizia pilipili. Chapati moja nikaificha mfukoni ya kuja kula hapa garini, mbali na macho ya watu.

Sasa hivi Mzee Wekesa amekuja kugonga kioo. Nikakishusha. Akainama, akaniwekea mkono begani, akasema kwa upole kabisa, "Mwarimu, usijari. Pasaka mkuje tuongee mambo ya mahari."

Ameenda. Nimebaki nimekaa. Kwa hesabu zangu, mzee akisema mahari anamaanisha mahali, pengine pa kufanyia ibada ijayo. Lakini kwa hesabu hizo hizo, leo ilikuwa siku ya kugawa kalamu. Nimetoka mbio nikamfuata, nikamwomba aniandikie. Kalamu anazo.